Hester Ballou Aldinger, Aliyemtaja Baba Yake

Jamaa, majirani, mafundi wa kiwanda cha majiko, na ninyi mliopanda treni kuja huku kwa sababu tu mlisoma vitabu vyake: leo, Jumamosi tarehe 13 Oktoba 1928, tunamzika Hester Ballou Aldinger, mwandishi wa riwaya na mjane wa Meya Konrad Aldinger. Huwezi kueleza maisha ya mmoja bila ya mwenzake, kwa hiyo msishangae mkisikia habari nyingi za Konrad humu ndani. Aliyeandika wasifu huu ndiye anayeusoma, Ottilie Kessler, dada yake Konrad na wifi wa marehemu. Kazi hii alipewa na marehemu mwenyewe, akaambiwa, "Wifi, usinipambe. Nikipambwa sitajijua." Basi hatapambwa.

Hester alizaliwa tarehe 9 Machi 1873 hapa hapa Port Amory, jimbo la Ohio, katika nyumba ya matofali mekundu ya Mtaa wa Chestnut. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Lyman Ballou, mwenye duka la vyuma, na mkewe Philena. Mdogo wake Wendell alimfuata miaka minne baadaye. Ilikuwa nyumba ya sala asubuhi na sala jioni, na viatu vya Jumapili vilipigwa rangi tangu Jumamosi. Lyman Ballou alikuwa mtu wa watu, na hilo halipunguzwi na lolote litakalosomwa hapa. Alibeba majeneza ya maskini begani mwake, alifundisha watoto Biblia, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Watu wakamchagua diwani, kisha akawa mwenyekiti wa baraza la jiji.

Akiwa mwenyekiti, Kampuni ya Maji ya Port Amory ilitaka mkataba wa miaka ishirini na mitano wa kulinywesha jiji. Bomba lao lingevuta maji ya ziwa karibu kabisa na mahali mto unapomwaga uchafu wetu wote. Lyman alikataa. Wakarudi, akakataa tena. Mwezi wa Oktoba 1886 akasaini, na jiji halikumuuliza kwa nini, maana nani angemuuliza Lyman Ballou.

Hester alijua. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mchana wa siku ya saini alijificha kwenye dari ya zizi, juu ya majani makavu ya farasi, akisoma hadithi ambayo mama yake alimkataza. Akamwona baba yake anaingia peke yake, anamkumbatia shingoni farasi wao wa kijivu, na kulia. Alikuwa akimwambia farasi kwamba watu wa Kampuni wamempata, kwamba amekuwa mtu wao, na kwamba Philena asijue kamwe. Msichana akabana pumzi mpaka baba alipojifuta uso na kutoka. Hakumwambia mtu. Akaendelea kula naye meza moja, kumbusu kabla ya kulala, na kumpenda, na hilo la kumpenda ndilo lililomtesa kuliko yote.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya jiji, akamaliza mwaka 1891 akiwa wa kwanza katika insha na wa mwisho katika ushonaji. Alisomea ualimu kusini mwa jimbo kwa miaka miwili, akarudi kufundisha darasa la nne katika shule ya mtaa wa mtoni, kwa watoto wa Wapolandi na wa Wajerumani kama sisi. Huko aliona jambo ambalo Mtaa wa Chestnut hawakuliona, kwa sababu wao walikuwa na visima vyao nyuma ya nyumba. Kila Septemba, homa ya matumbo ilipozuka, madawati mawili matatu yalibaki wazi darasani. Wazazi walisema ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu Ballou alikuwa anajua bomba linavuta maji wapi, na alijua ni mkono wa nani uliosaini.

Aliacha kufundisha mwaka 1902, riwaya yake ya pili ilipopata wasomaji wa kutosha kumlisha. Baba yake alifariki mwaka uliofuata, akazikwa kwa heshima zote, na shule mpya ikapewa jina lake. Hester akabaki Mtaa wa Chestnut na mama yake, akiandika ghorofani. Riwaya zake zote zilitoka kwanza katika gazeti letu la Courier, sura moja kila Jumamosi. Aliandika sura wiki ile ile, akaipeleka Alhamisi, na kilichokwisha kupelekwa hakikurudishwa. Hakubadilisha hadithi kwa kuombwa na mtu. Mwenye bucha wa Mtaa wa Front aliwahi kumsihi, huku kisu kiko mkononi, asimuue mke wa nahodha katika hadithi ya mwaka ule. Hester akanunua nyama yake, akaenda nyumbani, akamuua. Jumamosi iliyofuata mwenye bucha alifunga kitambaa cheusi mkononi, na wateja wakampa pole.

Hicho ndicho kichaa cha jiji hili, na mnakijua. Sura ikitoka, kinyozi anaisoma kwa sauti, jikoni inasomwa, baa inasomwa, na kila mtu kazi yake ni kutafuta nani ni nani. Mke wa mwuza dawa hakumsalimia Hester miaka miwili kwa sababu katika riwaya moja kulikuwa na mama mwenye jino la bandia. Ukiwaambia watu wa Port Amory kwamba mwandishi ametunga kichwani mwake, wanakuonea huruma.

Sasa Konrad. Alizaliwa mwaka 1868 mtaa wa mtoni, mtoto wa fundi wa mapipa, akafua vyuma tangu ujana mpaka akawa na karakana yake ya majiko. Aligombea umeya mwaka 1907, na jambo la kwanza alilofanya baada ya kushinda ni kuung'oa mlango wa ofisi yake na kuupeleka stoo. Kampeni zake alizifanya ndani ya hema kuukuu alilolinunua kwa watu wa sarakasi waliofilisika, na mpaka leo aliyewahi kuingia humo anakumbuka harufu ya tembo. Sheria ya hema ilikuwa moja. Yeyote anasimama, anauliza lolote, na meya anajibu hapo hapo, hata akitukanwa. Dada yake alimwambia mara nyingi kwamba sheria hiyo itakuja kumtokea puani.

Mkataba wa Kampuni ulikuwa unakwisha tarehe ya mwisho ya mwaka 1911, na uchaguzi ulikuwa Jumanne tarehe 7 Novemba. Meya atakayepita ndiye angekaa meza moja na Kampuni. Konrad alisema wazi kwamba hatawaongezea hata siku moja. Jiji litachukua maji lenyewe, bomba litapelekwa mbali ziwani, na mtambo wa kuchuja utajengwa. Mpinzani wake alikuwa bwana mmoja mwenye tabasamu zuri ambaye Kampuni ilimlipia hata mabango. Kwa maneno mafupi, akishinda Konrad tunakunywa maji, akishindwa tunakunywa kinyesi chetu miaka mingine ishirini na mitano.

Na Juni ya mwaka ule ule, Hester alianza kutoa riwaya mpya gazetini, iitwayo Saini. Ilikuwa hadithi ya mtu mwema anayekataa kampuni kubwa, anakataa tena, kisha anachoka na kusaini. Alikuwa ameibeba moyoni miaka ishirini na mitano na hakuweza kuendelea kuibeba. Lakini aliogopa kwa ajili ya jina la baba yake na uso wa mama yake. Kwa hiyo mtu wake hakumfanya mwenyekiti wa baraza mwenye duka la vyuma. Alimfanya meya. Aliona kwamba hapo amemficha baba yake vizuri kabisa. Wala hakufikiri kwamba jiji zima lilikuwa na meya mmoja tu aliye hai, aliyekuwa akivutana na Kampuni wakati huo huo, na kwamba hata farasi wa meya huyo alikuwa wa kijivu.

Kufikia Agosti, kinyozi hakuhitaji tena kukisia. Meya wa gazetini akila chakula na bwana wa Kampuni siku ya Jumamosi, Jumatatu watu walimtazama Konrad mdomoni kama bado ana mafuta. Kampuni ikachapa vipande vya riwaya kwenye karatasi na kuvigawa mlangoni mwa viwanda, bila kuongeza neno hata moja, maana hapakuwa na haja. Hester akatoa tangazo gazetini kwamba mtu yule si Konrad wala si mtu yeyote aliye hai. Watu wakacheka, wakasema kumbe ameshatishwa. Mhariri akamshauri abadilishe mwisho, meya asisaini. Alijaribu. Kisha akaona kwamba hata akibadilisha, watasema Konrad amemnunua, akauacha mwisho kama alivyoukusudia.

Septemba homa ikaja, na mwaka ule ilikuja na hasira. Jumanne tarehe 19 alifariki Gertrud Kessler, ambaye sote tulimwita Trudi, mwenye miaka sita, mtoto pekee wa Ottilie na mumewe Anton. Mama yake angeweza kusema mengi hapa na hatasema. Trudi amelala mstari wa tatu kutoka hapa mliposimama.

Mwezi uliofuata Konrad alikwenda Mtaa wa Chestnut. Alikaribishwa sebuleni, akaketi chini ya picha kubwa ya Lyman Ballou, na Bi. Philena akamletea kahawa kwa mkono wake na kukaa nao, kwa sababu binti hakuachwa na mgeni wa kiume hata akiwa na miaka thelathini na minane. Konrad akazungusha kofia magotini. Hakumlaumu Hester. Aliuliza swali moja tu, kama mwisho wa hadithi mtu yule anasaini. Hester akasema anasaini. Konrad akamuuliza, kwa upole, kama yeye mwenyewe amewahi kufanya jambo lililomfanya Hester amwone hivyo, maana kama lipo angependa kulijua. Hester hakuweza kumtaja mtu mwenyewe, picha ya baba yake iko pale ukutani na mama yake anakoroga kahawa. Alisema tu hapana, hakuna. Konrad akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Ottilie hakuwa mpole hivyo. Jumatatu ya mwisho ya Oktoba alimfuata Hester mpaka barazani kwao, hakukubali kukaa, akamtolea uvivu.

"Kalamu yako inammaliza kaka yangu," alisema. "Akishindwa, maji ni yale yale. Mimi sina mtoto mwingine wa kuyanywesha, lakini wenzangu wanao."

"Yule si Konrad, Bi. Kessler."

"Nimesoma tangazo lako. Basi ni nani?"

Hester akatazama dirisha la sebule, ambako mama yake alikuwa ndani. Ottilie, ambaye kusema kweli alikuwa amekuja kumtukana, alimwona anavyolitazama, na matusi yakamwisha.

"Nipe mpaka Jumamosi," Hester alisema.

Ijumaa asubuhi alimkuta mama yake akikanda unga wa pai, akamweleza kila kitu, zizi, farasi, machozi na saini. Bi. Philena hakuacha kukanda. Hester akamwambia kwamba kesho atakwenda hemani kusema mtu yule ni nani. Aliomba mama yake aende naye, au basi ampe ruhusa. Haya aliyasimulia kwa wifi yake miaka mingi baadaye.

"Baba yako amelala," mama alisema. "Mwache alale."

"Mtoto wa Ottilie Kessler pia amelala, mama."

"Huyo simjui. Mimi najua nyumba hii. Ukitoka kwenda kusema hayo, Hester, usirudi kulala hapa. Sitakuwa na binti."

Hester akasubiri, akidhani ni hasira na itapita. Mama akatandaza unga kwenye sahani, akakata kingo kwa kisu pande zote, akamwambia afunge mlango akitoka kwa sababu tanuri linapoteza joto.

Jumamosi tarehe 4 Novemba sura ya mwisho ilitoka asubuhi, na mtu yule akasaini. Mchana hema lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye matope nje. Wanawake hatukuwa na kura wakati ule, tulikaa mabenchi ya nyuma. Konrad alizungumza juu ya bomba na mchanga wa kuchujia, na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kisha akasimama wakili kijana wa Kampuni, gazeti mkononi, akasoma kwa sauti nzuri jinsi meya anavyorudi kutoka kusaini, anaingia zizini, na kulia shingoni mwa farasi wa kijivu. Alisoma taratibu. Halafu akauliza farasi wa Meya Aldinger ana rangi gani.

Konrad hakuwahi kukataa swali hemani. Akajibu, "Kijivu."

Hema likacheka. Wakili akauliza tena, kama ana zizi nyuma ya nyumba. Konrad akasema analo. Kicheko kikageuka kuzomea, watu wakapiga miluzi, na mafundi wake mwenyewe wa majiko, watu aliokula nao mkate mmoja, wakatazama viatu vyao. Konrad akasema hajasaini chochote. Akasema tena. Dada yake alikuwa anamwona midomo inatembea na sauti haifiki.

Ndipo Hester akapanda juu ya benchi. Alikuwa mrefu, kofia yake ilikaribia kugusa turubai, na waliokuwa karibu wakanyamaza kwanza kwa kumshangaa, kisha kimya kikaenda mbele mpaka kwenye jukwaa.

"Farasi yule alikuwa wetu," alisema. "Mtu niliyemwandika ni Lyman Ballou, baba yangu. Yeye ndiye aliyesaini haya maji mnayokunywa. Nilikuwa darini, nikamwona akilia. Nilimfanya meya ili nisimtaje, na kwa kumficha yeye nimemchafua mtu ambaye hajasaini kitu."

Mzee mmoja akamwita mwongo. Mwingine akamwambia ashuke, aone haya, maana Lyman Ballou alimzika mama wa huyo msemaji bila hata kuombwa. Hester akasema ndiyo, anajua, alikuwepo.

"Nilimpenda na nampenda mpaka sasa," alisema. "Lakini watoto wanakufa."

Akashuka. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake kadhaa wa kanisani kwao walikusanya sketi zao na kutoka, wakipita mbele yake bila kumtazama. Konrad akasema kutoka jukwaani kwamba mkutano umekwisha na watu waende nyumbani wakafikiri. Hakumshukuru. Alisema baadaye kwamba asante pale ingekuwa matusi.

Hester alipofika Mtaa wa Chestnut, sanduku lake lilikuwa barazani, limefungwa kamba vizuri, na mlango umekomewa. Aligonga. Alimsikia mama yake akitembea ndani. Aligonga mpaka Wendell akaja kwenye dirisha na kutikisa kichwa. Anton Kessler ndiye aliyekwenda na mkokoteni kumchukua, na kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ndogo, alilala kitanda cha Trudi, miguu imetokeza nje. Wifi yake alimfunika kwa koti.

Jumanne Konrad alishinda, lakini kwa kura chache mno, na walizihesabu mara mbili kwa sababu Kampuni haikuamini. Mkataba ukafa. Bomba likapelekwa mbali, mtambo ukajengwa, na vuli ya mwaka 1913 ikapita bila dawati kubaki wazi katika shule ya mtoni. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wananchi wakamwondoa Konrad kwa sababu kodi zilikuwa zimepanda, na sherehe ya mtambo ilipofanyika baadaye, aliyekuja kukata utepe ni meya mwingine, ambaye alisahau kumwalika. Konrad alikwenda hivyo hivyo, akasimama kwenye umati, akanywa glasi mbili. Dada yake hajasamehe mpaka leo.

Kuhusu ile shule yenye jina la Lyman Ballou, kulikuwa na watu waliotaka jina lifutwe. Aliyekwenda kwenye baraza kuwapinga alikuwa Hester. Aliwaambia alimtaja baba yake ili jiji lipate maji, hakumtaja ili wapate mtu wa kumtemea mate. Jina liko pale.

Alifunga ndoa na Konrad tarehe 3 Juni 1914 katika kanisa la Kilutheri la mtoni. Uchumba ulifanyikia mezani kwa Ottilie, Jumapili baada ya Jumapili, kwenye soseji na kabichi, na wote wawili walidhani hakuna aliyeona. Siku ya harusi mabenchi ya upande wa bwana harusi yalijaa, na ya upande wa bibi harusi hayakuwa na mtu, kuanzia mbele mpaka mlangoni. Hester alisimama mlangoni akayaona. Ottilie akawageukia mafundi wa majiko na Wapolandi waliowahi kufundishwa na Mwalimu Ballou, akawaambia kwa Kijerumani kisichofaa kanisani wahamie ng'ambo ya pili upesi. Wakahama, na bibi harusi akapita katikati ya ndugu.

Hawakujaliwa mtoto. Waliishi vizuri, walibishana kila siku juu ya magazeti, na wakati wa vita na Ujerumani, jirani zetu walipoona jina la Kijerumani ni kosa, Hester ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya dirisha letu lililopigwa mawe, akawataja waliopo kwa majina yao mmoja mmoja mpaka wakatawanyika. Aliandika riwaya tano zaidi. Hakuna hata moja yenye baba ndani yake.

Mama yake hakumsemesha tena. Wakikutana barabarani, Bi. Philena alivuka. Kila tarehe 30 Mei, siku ya kusafisha makaburi, Hester alileta maua ya zambarau kwa baba yake hapa hapa, asubuhi mapema, ili mama asimkute. Akipita tena jioni alikuta maua yamehamishwa na kuwekwa kaburi la jirani, mtu asiyemjua, yamepangwa vizuri, na maji yametiwa. Mwaka wa kwanza alilia. Baadaye alileta mafungu mawili, na lile la jirani akaliweka mwenyewe.

Konrad alifariki tarehe 14 Februari 1922 kwa homa ya mapafu. Hester alimuuguza, akamzika, akavaa nyeusi na kurudi kuandika. Mwaka jana figo zake zilianza kuharibika. Kuanzia Julai hakutoka kitandani, na mwishoni mwa Septemba aliomba aitiwe mama yake. Ottilie alikwenda Chestnut kwa miguu yake, akagonga, akaona pazia linasogea, na mlango haukufunguliwa. Alirudi akamwambia mgonjwa kwamba hakumkuta mtu. Mgonjwa akamtazama, akamwambia hajui kudanganya na asianze uzeeni.

"Ningesema tena," alisema, "hata kesho. Lakini nimekaa miaka kumi na saba bila mama, wifi, na inauma vile vile. Usiache mtu aseme haikuniuma."

Alifariki Jumatano tarehe 10 Oktoba 1928, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi yake.

Kwenye karatasi mliyonayo, mstari unaofuata unasema marehemu ameacha wifi yake Ottilie na shemeji yake Anton, na mtoto wao Konrad, aliyezaliwa mwaka wa mtambo na kupewa jina la mjomba wake. Unaishia hapo. Wendell Ballou alileta ujumbe Alhamisi kwamba familia ya Ballou isitajwe, na karatasi zikachapwa hivyo.

Asubuhi hii gari lilisimama pale langoni. Wendell hakushuka. Alishuka Bi. Philena Ballou, na fimbo yake, peke yake, akaomba karatasi. Ottilie alimpa. Alikuwa na maneno aliyomwekea bibi huyu miaka kumi na saba, na alikuwa tayari kuyatoa mbele ya jeneza. Bi. Philena akavaa miwani, akasoma amesimama, ukurasa wa kwanza, wa pili, zizi, saini, pai, sanduku, maua, mpaka mwisho, na wabebaji wakasubiri.

"Ya Lyman ndivyo yalivyokuwa," alisema. "Nilijua siku zote. Na yangu ndivyo yalivyokuwa." Akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. "Hapa sipo."

Ottilie akamwambia kwamba wao wenyewe waliomba wasitajwe.

"Aliyeomba ni Wendell. Mimi ni mama yake. Niandike."

Basi sahihisheni karatasi zenu, mwenye kalamu na asiye nayo. Marehemu Hester Ballou Aldinger ameacha mama yake mzazi, Bi. Philena Ballou, aliyekaa hapa mbele kwenye kiti. Mdogo wake Wendell, aliyebaki garini. Wifi yake Ottilie, shemeji yake Anton na mtoto wao Konrad. Na jiji linalokunywa maji.

Pumzika, Hester. Mama yako amekuja.